Paina Mbele, Mninga Nyuma

Juzi bwenini mwenzangu mmoja aliyetoka likizo kwao Karema alifungua chupa ya mawese ili tuunge maharage. Mimi nilikuwa kitanda cha juu, nimegeukia ukutani. Harufu ikapanda mpaka kwangu, nzito, ile inayoshika kooni kabla haijafika puani. Nikashuka, nikatoka nje, nikasimama karibu na tanki la maji mpaka nikatulia. Wenzangu walisema naringa, eti sisi wa Mwamkulu tumezoea alizeti. Kuwaeleza watu mambo kwa mdomo ni kazi inayonishinda tangu nikiwa mdogo, ndiyo maana nina daftari. Basi naeleza humu, kwa ajili yenu nyie wa rika langu, ambao labda na nyie mliwahi kumwogopa mtu mnayempenda na hamkumwambia yeyote.

Nilikuwa darasa la pili, kwa mara ya pili. Shule yetu ilikuwa ng'ambo ya mto. Wakati wa kiangazi tulivuka kwa miguu, viatu mkononi, maji hayafiki hata magotini. Lakini mvua zikishakolea, mto Katuma unatoka kwenye kingo zake na kuingia kwenye majaruba ya mpunga, na huwezi tena kujua shamba linaishia wapi na mto unaanzia wapi. Viboko nao wanapanda na maji. Asubuhi unakuta wamelala juu ya mpunga wa watu, wameukandamiza kama mkeka, wamekula na kurudi zao kwenye kina.

Zamani tulivushwa na mzee mmoja tuliyemwita Kapteni. Alikuwa na mtumbwi wa gogo, mweusi, na pondo refu la kusukumia. Mwaka nilioingia darasa la pili, kiboko aliibuka chini ya ule mtumbwi akaukata katikati. Mama mmoja aliyekaa mbele aling'ang'ania kipande cha mbele, kikaelea naye mpaka kwenye matete, akapona. Kapteni alikuwa nyuma. Alipatikana mbali sana, na watu wazima walijipanga bega kwa bega ili sisi watoto tusione. Mimi nilikuwa mfupi, niliona kwa kupitia katikati ya miguu. Niliona gunia tu, lakini lilinitosha.

Baada ya hapo hakuna aliyetaka kuvusha watu. Miti mikubwa ya kuchonga mtumbwi mwingine iko mbali porini, na ukikata bila kibali unakamatwa. Msimu ule nikakaa nyumbani, nikawa nafukuza ndege shambani, na mwisho wake nikarudia darasa. Sikuumia. Kwa kweli nilifurahi kuwa mbali na maji. Aliyeumia ni baba.

Baba yangu ni seremala. Karakana yake ni bati nne juu ya nguzo, pembeni ya nyumba, na kazi yake ni vitanda, milango na makabati. Mama humwita Fundi hata wakiwa wawili. Siku moja mvua za kwanza zikiwa zimeshapiga, tunakula, baba akasema bila kuinua macho kutoka kwenye sahani, "Huyu hatarudia tena darasa. Chombo nitatengeneza mwenyewe."

Mama akaacha kutafuna. "Chombo gani?"

Baba akatoa simu akamwonyesha. Kulikuwa na mzungu amekaa ndani ya kitu chembamba kama ganda la haragwe, miguu ameinyoosha mbele, anapiga maji kwa kasia lenye bapa huku na huku. "Wanaita kayaki. Ya mbao. Wanatengeneza nyumbani tu, kwenye ua. Ona kinavyokwenda. Kiboko anafumbua macho, wewe umeshapita."

"Na kama hajalala?" mama akauliza.

Baba akarudisha simu mfukoni. "Ndiyo maana kuna kuchagua mbao."

Mimi nilisikia neno moja tu, kwamba nitarudi majini. Nikarudisha tonge kwenye sahani. Lakini nilikuwa mtoto ambaye hata mwalimu akiniuliza jina nilitazama vidole vya miguu, basi ningeanzaje kumwambia baba kwamba sitaki?

Kesho yake habari zilikuwa zimemfikia Jeni, binti wa jirani, ambaye alikuwa darasa la nne na alijua kila kitu.

"Baba yako anatengeneza mtumbwi?"

"Kayaki."

"Ni kile kile." Akasogea karibu. "Unajua mto una mwenyewe? Chombo kipya hakipiti bure. Zamani walikuwa wanamtoa kondoo mweupe."

"Na sasa hivi?"

Jeni akanitazama kuanzia kichwani kushuka. "Kondoo mweupe sasa hivi nani anaye? Mwenye mto anataka tu kitu chenye pumzi. Kapteni hakutoa. Si umeona?"

Mtumbwi wa Kapteni ulikuwa mzee kuliko Kapteni mwenyewe, lakini sikulifikiria hilo. Nilifikiria mabanda yetu. Tulikuwa na kuku, tena wa rangi ya udongo. Kondoo hatukuwa naye.

Baba akanipakia kwenye baiskeli tukaenda Kashaulili kununua mbao. Kwa kawaida safari ya mjini ilikuwa sikukuu kwangu, maana kulikuwa na kalimati na soda. Siku hiyo nilikaa nyuma nikiwa nimeushika mkanda wake na nikajiuliza kwa nini ananichukua mimi, wakati mbao alikuwa akizifuata peke yake siku zote.

Muuza mbao alimfahamu. "Karibu Fundi! Mninga upo, mkurungu upo, paina ya Iringa imeshuka jana. Kitanda cha ngapi kwa ngapi?"

"Si kitanda leo."

Baba alianza na mninga. Aligonga kila ubao kwa kifundo cha kidole huku ameuwekea sikio, kama anavyofanya daktari mgongoni. Alikwangua kwa kisu akanusa. Alilamba. Aliinua ncha moja akafumba jicho akautazama kwa urefu wake wote aone kama umepinda.

"Fundi, unanunua au unachumbia?"

"Nachumbia. Huyu nitaingia naye majini."

"Kama ni majini hapo umefika. Mninga ni mninga."

Lakini baba akaziweka pembeni zile alizochagua, akaenda kwenye rundo la paina. Muuza mbao akacheka mpaka akashika kiuno. "Hiyo? Hiyo ya kumwagia zege, Fundi! Zege likikauka unaitia jikoni."

"Ni nyepesi," baba akasema, na akaanza kuchambua. Kila ubao wenye kifundo aliukataa. "Huu una jicho. Huu nao una jicho."

"Paina isiyo na macho utaikuta mbinguni."

"Jicho linakauka, linadondoka, linaacha tundu. Mama, njoo unisaidie." Mama ni mimi. Nimepewa jina la marehemu mama yake, na hajawahi kuniita vingine. "Ukiona jicho, sema."

Nikapita na kidole. Macho ya paina ni ya kahawia, yana duara ndani ya duara, na kila moja lilinitazama kama linanijua. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Nikawa nasema jicho hata pasipo na jicho. Nilinong'ona tu, "jicho, jicho, jicho", mpaka muuza mbao akauliza huyu mtoto ni mkaguzi wa serikali au vipi. Baba akacheka, akaangalia mwenyewe, akazichukua zilizo safi. Akanunua zote mbili, mninga na paina.

"Chombo kimoja, mbao mbili?" muuza mbao akauliza.

Baba alikuwa anafunga kamba. Hakujibu. Na baba yangu ni mtu wa kujibu.

Nyumbani alikata vipande vidogo, akavitumbukiza kwenye pipa la maji. Akaweka na kipande cha mkurungu kilichobaki kwenye kitanda fulani, na cha plaiwudi, maana yule wa kwenye simu alitumia plaiwudi. Asubuhi plaiwudi ilikuwa imefunguka kurasa kurasa kama daftari lililoachwa mvuani. Mkurungu ulikuwa chini kabisa ya pipa. Mninga ulikuwa umezama karibu wote, umebaki mgongo tu unaonekana, na maji yote ya pipa yamekuwa mekundu. Paina ilikuwa juu, inacheza. Baba alichuchumaa pale muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Alikuwa anausukuma mninga chini kwa kidole na kutazama unavyochelewa kurudi.

Baadaye alikwenda kuazima mizani, ile ya kuning'iniza ya wanunuzi wa mpunga. Akaifunga kwenye boriti ya karakana, akapima mbao. Akapima paina, akapima mninga, akapima kamba. Halafu akageuka akanitazama mimi.

"Njoo, mama."

Akanitia kwenye gunia la salfeti, akalipitisha kwenye ndoano. Nikaning'inia kama mtoto wa kliniki, isipokuwa mimi nilikuwa mkubwa, miguu imechomoza chini kama ya kuku anayepelekwa sokoni. Wakati huohuo baba mdogo alikuwa anaingia uani. Ni mdogo wake baba, anaishi Karema kando ya ziwa, na yeye ndiye aliyejua vyombo vya majini. Alikuja na dumu la mawese na furushi la pamba. Hata hakusalimia, akaenda kusoma mshale wa mizani.

"Mwepesi huyu! Shemeji, mtoto hamumlishi?" akapaza sauti mama asikie jikoni.

"Mwepesi ndiyo nataka," baba akasema. "Anafaa."

Nimeandika maneno hayo kama yalivyosemwa. Sijaongeza. Mkiwa na miaka yangu ya wakati ule, mkiwa ndani ya gunia, mkiwa mmeambiwa na Jeni mlichoambiwa, mngeelewa nini?

Kisha baba akaniambia nikae chini kwenye sakafu ya udongo, ninyooshe miguu, nisitikisike. Akanichora kwa chaki kunizunguka, kuanzia kiunoni mpaka kwenye nyayo. Niliponyanyuka mchoro ukabaki pale. Siku zote walizofanya kazi ulibaki pale, miguu miwili na makalio bila kichwa, na vumbi la randa likawa linaudondokea. Nilikuwa nazunguka nyuma ya nyumba ili nisiupite.

Nilitafuta njia. Kama anataka mwepesi, nitakuwa mzito. Nikaanza kula. Nilikula ugali mpaka kifua kikauma, nikaongeza, nikanywa maji juu yake. Mama alifurahi, akasema mtoto amepata afya, na akawa ananipakulia ukoko wa wali. Usiku nilisikia tumbo limenijaa kama ngoma, nikawa nashukuru. Baba alipoona nakula hivyo alinipima tena. Akatazama mshale, akakuna shingo.

"Ameongezeka," akamwambia baba mdogo. "Nitaongeza dumu jingine."

Sikuelewa dumu la nini. Nilielewa tu kwamba uzito haukunisaidia.

Kwenye karakana wenyewe walikuwa hawaelewani. Nilikuwa nalala mkekani mchana, kanga usoni, nawasikiliza.

"Kaka, nielewe. Paina mbele, mninga nyuma, wapi umeona? Kitainua pua kama bata."

"Kitainua."

"Weka mninga wote, kiwe kigumu. Au weka paina yote, kiwe chepesi kikimbie. Chagua moja!"

"Nimeshachagua."

"Na hapa katikati unaunga kwa nini? Mbao zinatosha kwenda moja kwa moja. Hapa patakuwa na udhaifu."

"Najua."

"Ndiyo shida ya watu wa vitanda," baba mdogo akasema. "Kichwani nakshi tupu, miguuni hata kupiga msasa hawapigi. Hiki kitalala vizuri, lakini hakitaelea."

Baba akacheka kidogo, kwa puani. Nikasikia randa inaendelea, shwaa, shwaa. Ule mlio, kabla ya mchoro wa chaki, ndio uliokuwa ukinibembeleza mchana. Sasa kila shwaa niliihesabu kuwa inanipunguza mimi.

Halafu ikaja siku ya pamba. Nilitoka kuchota maji nikakuta beseni pembeni ya karakana, limejaa pamba nyekundu, imelowa, inameremeta. Pamba nilikuwa naijua ya zahanati tu. Na ile harufu, nzito, ya moto, ikanishika kooni. Nikaweka ndoo chini. Nikamtafuta baba, nikamwona, mzima. Nikamtafuta mama, yuko jikoni anaimba. Baba mdogo yuko chini ya mti anapiga simu. Wote wazima. Ile pamba ilikuwa imelowa mawese tu, ndivyo wanavyoziba viungo kule ziwani, wanaichovya na kuishindilia kwa patasi butu. Lakini mimi nilisimama pale juani nikasema moyoni, kama wote ni wazima, basi bado mimi.

Asubuhi ya kwenda shule mama alinivalisha sare. Sketi ya bluu, na shati jipya. Shati jeupe. Alinifunga vifungo mpaka cha juu, akanitazama akasema, "Umependeza kama kondoo wa Pasaka." Mama yangu ni Mkatoliki, alimaanisha vizuri. Nilikojoa palepale, nikiwa nimesimama. Akadhani ni baridi, akanibadilisha sketi.

Wakakibeba kile chombo vichwani mpaka ukingoni, baba mbele, baba mdogo nyuma, mama na mimi tunafuata kwenye matope. Kilikuwa kizuri, lazima niseme. Mbele cheupe, nyuma chekundu, na katikati mstari wa pamba. Kilipowekwa majini kiliinua pua kama baba mdogo alivyosema. Maji yalikuwa ya rangi ya chai, mapana, yamekaa kimya. Ng'ambo niliwaona watoto wadogo wadogo, mashati yao meupe, wanasubiri kutuona.

"Twende," baba mdogo akasema, "jua linapanda. Sasa hivi wale wenye mwili wanarudi majini kulala."

"Ingia, mama. Wewe mbele."

Nilishika matete. Nilishika kwa mikono yote miwili, na yanakata, lakini sikuachia. Baba akaja kunichukua, akadhani nataka kubebwa. Ndipo sauti ikatoka, sijui nilikuwa nimeiweka wapi siku zote zile.

"Baba, usinitoe."

"Nikutoe wapi, mama?"

"Kwa mwenye mto. Usinitoe. Nitafukuza ndege. Sitakula tena sana."

Baba mdogo akaanza kucheka, kicheko kikamfia. Mama akaweka mkono mdomoni. Baba alipiga magoti kwenye matope, suruali yake ya kazi ikazama, na uso wake ukawa sawa na wangu. Sijawahi kumwona mtu akibadilika rangi hivyo.

"Nani kakuambia?"

Nikazidi kukaza mikono kwenye matete. Akaushika mkono wangu, akaupeleka juu ya ubao wa mbele. "Hii ni nini?"

"Paina."

"Pipani ilifanyaje?"

"Ilielea."

"Angalia chini ya kiti chako."

Nikainama. Kulikuwa na madumu matupu ya lita tano, vifuniko vimezibwa kwa lami, yamefungwa kwa mipira ya tyubu, yamejipanga huku na huku ya nafasi ya miguu yangu. Nafasi ilikuwa ileile ya mchoro wa chaki.

"Ndiyo maana nilikupima. Nilikuwa natafuta madumu mangapi yatakubeba. Ulipoongezeka nikaongeza. Unamkumbuka yule mama wa mtumbwi wa Kapteni, aliyekaa mbele? Basi. Pale katikati nimeunga makusudi. Kiboko akitugonga patakatika palepale, na kipande chako kitaelea. Hata ukizimia, mama, kitaelea na wewe mpaka kwenye matete."

Alisema yote kwa sauti ya chini na taratibu, kama anamweleza mteja kabati. Mimi nikawa natazama sehemu ya nyuma ya chombo. Nyuma hakukuwa na dumu. Lakini aliyesema ni mama.

"Na nyuma kuna nini, Fundi?"

"Nyuma nipo mimi."

"Nimeuliza kuna nini."

"Mninga."

"Kwa nini mninga?"

Baba akaangalia maji. "Ni mzito. Pakikatika, kwende chini upesi, kusimburute mtoto. Na kiboko atahangaika na kinachozama."

Baba mdogo, aliyekuwa amesema maneno yote ya dunia kuhusu watu wa vitanda, aligeukia matete akawa anayatazama kama anayanunua. Na mimi, ambaye nilikuwa nimeogopa kwa majuma kwamba kuna mtu anatolewa, nikaelewa kwamba sikuwa nimekosea. Nilikuwa nimekosea mtu tu.

Mama akajifunga kanga kiunoni, mafundo mawili. "Hakitoki hapa."

Akaondoka. Tulisubiri, baba bado amepiga magoti. Aliporudi alikuwa amebeba kila dumu la nyumba yetu, la maji ya kunywa, la mafuta ya taa, na lile la mawese la baba mdogo ambalo hata hakulisuuza. Akaingia majini na viatu vyake, akaanza kuyafunga nyuma, huku na huku, kwa vipande vya tyubu, na tyubu zilipoisha akachana kanga yake kwa meno.

"Ulimpima mtoto," alikuwa anasema, na kila neno anakaza fundo. "Ukapima mbao. Ukapima na kamba. Wewe nani alikupima?"

"Mke wangu, sasa maji tutachotea nini?"

"Sufuria."

"Na madumu yakiwa mengi kitayumba."

"Kiyumbe!"

Baba mdogo akashuka majini akamsaidia mama, bila utani hata mmoja.

Nikaingia. Nikanyoosha miguu ikaenea. Baba akaingia nyuma, chombo kikazama kidogo halafu kikasimama. Baba mdogo akainama sikioni kwangu. "Sikia, mama mkubwa. Kiboko anamuumiza mtu akishtuliwa. Akisikia watu wanakuja, mara nyingi anajisogeza. Anayekaa mbele ndiye anayeongea. Usinyamaze."

"Huyu haongei," mama akasema.

"Leo ataongea."

Wakatusukuma.

Kile chombo kilikuwa chembamba mno, ukigeuka kinalala upande. Kwa hiyo sikuweza kumwona baba. Nilisikia kasia lake tu, upande huu, upande ule, na matone kutoka kwenye bapa yakinidondokea begani. Nyie, nilikuwa nimemwogopa yeye kwa siku zote zile, na ulikuwa woga mbaya. Lakini ulipogeuka ukawa woga wa kumwogopea, ulikuwa mbaya zaidi, maana ule wa kwanza ungeweza kuukimbia, huu umekaa nyuma ya mgongo wako unakupigia kasia.

Tulipofika katikati maji yakapasuka upande wa kulia. Kwanza masikio mawili, madogo, yanachezacheza. Halafu pumzi, foooh, na mvuke ukasimama hewani. Si mbali. Niliona manyoya ya puani.

"Ongea, mama," baba akasema.

Kichwa kitupu. Sikukumbuka wimbo, wala sala, wala chochote tulichofundishwa. Nikasema kitu cha kwanza kilichokuja.

"Baba, umekula?"

"Bado, mama."

"Utakula nini?"

Kasia likasimama. Masikio yalikuwa yamezama. Hakukuwa na kitu juu ya maji, na chini yetu kikapita kitu kirefu, kikubwa, na pua ya chombo ikainuka polepole kama mtu anayevuta pumzi, ikashuka. Mbao za katikati zikalia. Nilisubiri. Nyuma yangu kulikuwa kimya kabisa, hakuna kasia, hakuna hata kukohoa.

"Baba! Utakula nini?"

Kimya.

"Baba! Nimekuuliza utakula nini!"

"Ugali," akasema. Haikuwa sauti yake, ilikuwa nyembamba kama yangu.

Kasia likagusa maji. Sikugeuka. Nikashika mbao huku na huku, nikafungua mdomo wote, na nikauliza kwa sauti ambayo darasani hawajawahi kuisikia mpaka leo, sauti iliyowafanya watoto wa ng'ambo wote wasimame:

"Na mboga je?"